Safari za Mama Mkwe kwenye Simu ya Januari

Januari, fundi simu wa Nyasubi pale Kahama, hakuwa mbea. Hilo lisemwe mapema, maana yanayofuata yanaweza kumfanya mtu afikirie vingine. Alikuwa kijana wa maneno machache, kibanda chake kiko nyuma ya soko, ubaoni kaandika SIMU ZOTE ZINAPONA. Kabla ya simu alishashuka kwenye maduara, yale mashimo ya dhahabu huko Geita, akapanda juu na kikohozi. Dhahabu yenyewe aliiona kwa watu. Akarudi Kahama, akajifunza kufungua simu na kuzifunga, na mara nyingi zilizofungwa ziliwaka.

Sasa, ilipoingia ile programu ya kuitia pikipiki, inaitwa Nibebe, watu wa Nyasubi waliipokea kwa mikono miwili, na si kwa sababu ya uvivu wa kutembea. Waliipokea kwa sababu ya kijiwe cha Marwa.

Kijiwe cha Marwa kiko kwenye kona ya soko, na pikipiki zake ni nzima, breki zinashika. Tatizo ni midomo. Ukipanda pale kwenda zahanati, kabla hujapimwa malaria soko zima limeshakupa pole. Ukienda kwa mganga, mganga mwenyewe ndiye wa mwisho kujua kwamba unakuja. Marwa, mwenyekiti wa kijiwe, hakuona ubaya wowote. Alisema wao wanatoa huduma mbili kwa nauli moja.

Kwa hiyo Nibebe ilipokuja na maneno yake mazuri, kwamba namba yako dereva haioni, kwamba safari yako ni yako peke yako, watu walijazana kwa Januari.

"Niwekee na mimi hiyo kitu. Nimechoka kusindikizwa na macho."

"Unayo barua pepe?" Januari anauliza.

"Barua pepe ndiyo nini tena? Mimi nataka pikipiki."

Programu haikubali kufunguka bila barua pepe. Januari alijaribu kuwafungulia wale wa kwanza kila mtu ya kwake, na neno la siri lake. Kesho yake wakarudi, wamesahau. Akawafungulia nyingine, wakasahau tena. Hawa ni watu ambao namba ya siri ya pesa wanamtajia wakala kwa sauti, huku foleni nzima inasikia, halafu wanaona wamejirahisishia. Basi Januari akaona isiwe taabu. Akaweka anwani yake mwenyewe kwa wote. Muuza mchele, fundi cherehani, mama ntilie, mpiga kinanda wa parokia, wote wakaingia Nibebe kwa barua pepe moja ya fundi simu. Programu haikukataa, na watu hawakuuliza.

Ndipo risiti zikaanza kuja.

Kila mtu aliposhuka kwenye pikipiki, simu ya Januari ililia kidogo, kama kifaranga. Asante fulani kwa kusafiri nasi. Umetoka hapa, umeshukia pale. Mwanzoni alizifuta bila kusoma. Halafu kuna siku wateja hawapo, jua limekaa juu ya bati, mkono umeshika simu. Akasoma moja. Ikafuata nyingine. Kufika masika, Januari alikuwa anajua nyendo za Nyasubi kuliko kijiwe kizima cha Marwa, na hakuwa ametoka kwenye kiti.

Angenyamaza, yasingemfika. Kilichomponza ni adabu. Salamu ya kwetu haikamiliki mpaka umeulizwa unatoka wapi na unaelekea wapi, na Januari, bila kukusudia, akawa analiruka swali na kuanza na jibu. Alikuja Davis wa duka la vipuri, kioo cha simu kimepasuka.

"Karibu kaka. Pole na hospitali ya watoto. Mtoto anaendeleaje?"

Davis akasimama kama aliyeguswa na waya. Alikuwa amempeleka mtoto alfajiri, kimyakimya, hata jirani hajui.

"Nani kakwambia?"

Januari akaona kosa lake limekaa katikati ya meza. "Hakuna. Nimeota tu," akasema, akainama kwenye bisibisi.

Alidhani amejiokoa. Kwetu unaweza kumwambia mtu umechoka, una njaa, huna nauli, akakuacha. Ukimwambia umeota, hakuachi. Hata wiki haikuisha, Nyasubi nzima inajua fundi simu anaona. Wakaanza kuja watu wasio na simu mbovu. Mmoja kapotelewa na ng'ombe huko Tinde, anataka aelekezwe. Januari akamwambia haoni kitu, na alikuwa anasema kweli, maana ng'ombe hapandi Nibebe. Yule mzee akaondoka ameridhika kabisa. Akawaambia wenzake kijana huyu ni wa kuaminika, hajisifii.

Hayo yote yangebaki kicheko kama Januari asingekuwa mchumba wa mtu.

Alikuwa amemchumbia Juliana, binti wa Mzee Magesa. Wazee walishakaa, ng'ombe walishatajwa, imebaki kuwapeleka. Mama yake Juliana ni Martina, muuza dagaa wa Nkome pale sokoni, na kwa Wasukuma mama mkwe si mtu wa kukutana naye hivihivi. Mkwe akimwona anakuja, anaiacha njia. Hamtazami usoni, hali naye, jina lake halitamki. Januari aliushika utaratibu huo vizuri mno. Ili asipite kwenye meza za dagaa alikuwa anazunguka nyuma ya mashine ya kukoboa, anatokea upande wa pili mweupe kwa pumba. Hata Martina alipotaka naye kuwekewa Nibebe hakuja. Alimpa Juliana simu imefungwa kwenye kipande cha kitenge, Januari akaifungua kwa heshima, akaweka kila kitu ikiwemo barua pepe yake, akaifunga tena kwenye kitenge.

Kuanzia hapo, mwanamke ambaye hakuruhusiwa kumwona akipita sokoni akawa anamfikia mfukoni.

Risiti zake za parokiani na za kwa ndugu hazikumsumbua. Kilichomsumbua ni Alhamisi. Kila Alhamisi alasiri kifaranga kililia, na risiti ilisema vilevile. Asante Martina kwa kusafiri nasi. Kutoka Nyasubi. Kwenda Pumzika Kwanza Gesti.

Mara ya kwanza Januari aliiweka simu kifudifudi kama anavyofunikwa maiti. Mara ya pili akafikiria kurudi Geita kwenye maduara.

Maana Martina huyu ni mtu wa kuheshimika. Ndiye msomaji wa jumuiya yao ya parokia, miaka na miaka. Ikifika zamu ya somo, anasimama, anafungua kitabu, na maneno yanatelemka kama maji, hata kitabu chenyewe hakitazami sana. Mzee Magesa, ambaye yeye hakuvuka mlango wa shule, hakukosa nafasi ya kulisema. "Kwangu," anasema popote penye watu wawili, "kuna msomaji."

Na msomaji huyo anakwenda gesti!

Januari hakumwambia mtu. Alikaa nayo kama mtu aliyemeza kokwa. Lakini kijiwe cha Marwa hakikuhitaji risiti. Wao walijua kitu kimoja tu, kwamba Mama Juliana hapandi tena kwao, na wakakifanyia kazi. Marwa akamsimamisha Mzee Magesa njiani.

"Mzee, mama siku hizi anapandia wapi?"

"Kwani hapandi kwenu?"

"Aah, mzee. Mimi sijasema kitu." Na akakisema kwa namna hiyohiyo, akikuna kofia ngumu ya pikipiki.

Kesho yake Mzee Magesa alisimama mbele ya kibanda, fimbo mkononi. Januari akatoka nje haraka.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Wanasema unaona."

"Naona simu tu, baba."

"Usinichezee. Davis umemwona, na wengine umewaona. Kila Alhamisi mke wangu anachelewa kurudi. Anakwenda wapi?"

Januari akatazama vidole vya miguu yake. "Sijui, baba."

"Hujui au hutaki?" Mzee akagonga fimbo chini. "Jumapili baada ya misa uje nyumbani. Ukija na jibu, ng'ombe waletwe. Ukija mdomo mtupu, ng'ombe wako wabaki kwenu wale majani ya kwenu, na Juliana abaki kwangu."

Jioni Juliana akapita kibandani, kapu la dagaa kichwani, akilia na kukasirika kwa pamoja.

"Baba amenieleza. Januari, kama kuna kitu unakijua, usikiseme."

"Kwani wewe unajua anakokwenda?"

"Mimi najua. Mama atakufa kwa aibu. Watu wa jumuiya watamcheka mpaka kaburini."

Januari akabaki kinywa wazi. Binti naye anajua mambo ya gesti! Alimwonea huruma, akamwonea huruma Mzee Magesa, halafu akajionea yeye mwenyewe zaidi. Akisema, anaivunja nyumba ya mkwe. Akinyamaza, Juliana hampati.

Jumapili alivaa shati jeupe akaenda. Mzee Magesa amekaa sebuleni. Januari akavuta stuli, akakaa akiupa mgongo mlango wa chumbani wenye pazia, maana nyuma ya pazia alikuwepo mama mkwe, na kila mtu alijua yupo, na kila mtu alifanya kama hayupo. Juliana yuko uani, sufuria anayoiosha haitakati.

"Haya," akasema mzee. "Umeona nini?"

"Baba, mimi sioni. Naomba nikueleze ukweli." Akaeleza yote, barua pepe, kusahau kwa watu, risiti, kifaranga. Alieleza kwa jasho, kwa mpangilio, kama ambavyo hajawahi kueleza kitu maishani.

Mzee Magesa akasikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa. "Simu ikwambie wewe habari za mke wangu, na mimi mwenye mke isiniambie? Simu ina undugu na wewe? Sema umeota, kijana, ni neno la heshima zaidi."

"Sijaota, baba. Iko humu."

Lilipomtoka ndipo alipolisikia. Macho ya mzee yakashuka mpaka kwenye mfuko wa shati.

"Humu? Toa."

"Baba, hiyo ya mama siwezi kuifungua. Ni mama mkwe."

Mzee mwenyewe mama mkwe wake hakumtazama usoni mpaka walipomlaza kwenye jeneza. Nibebe imeandika kurasa na kurasa kuhusu siri za abiria na hazijamzuia mtu kitu, ila neno hili moja lilimfanya Mzee Magesa ailaze fimbo magotini. Lakini alikuwa mtu wa kutafuta mlango wa nyuma.

"Sawa. Wewe ni mkwe. Mimi si mkwe wake. Fungua, geuza uso, nipe."

Januari akafungua, uso ameupeleka ukutani, akampa. Mzee Magesa akaishika simu karibu, akaishika mbali, akaigeuza juu chini.

"Maandishi yenyewe madogo haya," akasema. Halafu akainua sauti kwa fahari yake ileile. "Mama Juliana! Njoo usome. Nyumba hii ina msomaji."

Januari akafumba macho. Pazia likasogea, mkono ukatoka, ukachukua simu, ukarudi ndani. Halafu sauti ikaanza.

"A... sa... nte. Asante. Ma... Mar... Martina. Kwa ku... kusa... kusafiri."

Januari akajua mama wa watu anachelewesha makusudi, nani asingechelewesha.

"Ku-to-ka. Nya-su-bi. Kwe-nda." Sauti ikapumua, ikapanda mlima. "Pu... mzi... ka. Pumzika. Kwa-nza. Ge... ge-s... ti. Gesti!"

Hiyo ya mwisho aliitamka kwa shangwe, kama aliyefika kileleni na mzigo, kabla masikio yake hayajapokea mdomo ulichosema. Uani sufuria iliacha kulia. Jogoo akapita mlangoni, akaona hali, akaendelea na safari zake.

"Gesti," akasema Mzee Magesa taratibu.

"Nani kaandika gesti?" sauti ikalipuka nyuma ya pazia. "Nani huyo? Mimi nashukia pale kwa sababu pikipiki haiingii uchochoroni! Nyuma yake ni kwa Mwalimu Agatha, yule mstaafu! Nenda kamwulize! Ramani gani hii inajua gesti na mwalimu haimjui?"

"Kwa mwalimu unafuata nini?"

Pazia likavutwa vizuri, lisibaki na upenyo. Mzee Magesa hakusoma, ila masikio anayo. Akageuza kichwa upande wa pazia.

"Hebu soma tena."

"Sisomi."

"Soma, Mama Juliana. Hapohapo pa juu."

"A... sa... nte..."

"Jumuiya unasoma hivi?"

Akajibu Juliana kutoka uani, analia. "Baba, somo la jumuiya huwa namsomea mimi Jumamosi. Akishasikia mara mbili tatu anakuwa amelishika. Kabla yangu alikuwa anasomewa na shangazi. Sasa mimi naolewa. Atasomewa na nani?"

Mzee Magesa akakaa kama mtu aliyegundua ng'ombe wake wa maziwa ni dume. "Miaka yote hii," akasema. "Miaka yote nawaambia watu. Hujui kusoma?"

"Kwani wewe unajua?"

"Mimi sijawahi kusema najua!"

"'Maandishi yenyewe madogo haya,'" pazia likamwigiza, sauti yake ileile ya kukoroma, na Juliana uani akacheka akiwa bado na machozi.

Halafu mambo yakamgeukia Januari. Martina hakuweza kumsemesha, ni mkwe, kwa hiyo alimpitishia mumewe aliyekuwa amekaa katikati yao.

"Mwulize huyo mkweo, amekaa na safari zangu tangu lini?"

"Anauliza tangu lini," akasema Mzee Magesa.

"Tangu masika, baba."

"Anasema tangu masika."

"Nimesikia, sina uziwi. Mwulize alidhani nakwenda kufanya nini."

Jasho la Januari likaanza upya. "Sikudhani kitu, baba."

"Anasema hakudhani kitu."

"Mwongo. Mwambie alidhani."

"Anasema ulidhani," akasema mzee, na kwa mara ya kwanza siku hiyo ndevu zake zikacheza kidogo.

"Na kilichoandikwa humu alimwambia nani?"

"Hakuna, baba. Hata Juliana sikumwambia."

"Hata wewe, Baba Juliana? Ulivyomtishia na ng'ombe?"

Mzee Magesa akaitazama fimbo yake. "Hata mimi. Nilimwendea na fimbo, hakusema."

Nyuma ya pazia kukawa na hesabu fulani isiyosikika. Ilipoisha, sauti ilitoka imetulia, sauti ya mama aliyezoea kupima dagaa.

"Amemchungulia mkwe. Alete kondoo na shuka, ndiyo desturi. Ng'ombe nao waje. Na mimi anitoe kwenye barua yake leo, kabla sijasahau kuwa ni mkwe."

Januari alimtoa. Kesho yake akawatoa na wengine wote. Aliwaita mmoja mmoja kibandani, akawaeleza kosa lake bila kuficha, akamfungulia kila mtu barua pepe yake. Wakamsikiliza kwa adabu. Davis akamshika bega, akamwambia polepole, "Sisi tunaelewa. Mtu akimkosea mama mkwe, maono yanamtoka. Yatarudi." Ya barua pepe hakuna aliyeyaamini.

Ukaja wakati wa neno la siri.

"Andika mwenyewe," Januari anasema, anageuka ukutani.

"Niandike halafu nisahau? Andika wewe, utunze wewe. Sisi tunakuamini." Na wanalitaja kwa sauti, jina la mtoto wa kwanza, foleni nzima inasikia. Mpaka jioni Januari alikuwa na maneno ya siri ya soko zima kichwani, na hakuyaomba.

Simu ya Martina ililetwa na Juliana, ndani ya kitenge kama kawaida, pamoja na maagizo. Januari afungue mpaka mahali pa neno la siri, asiendelee, airudishe. Ikarudishwa. Juliana anasema mama yake aligeukia ukuta, akajifunika khanga mpaka kichwani, na kidole kimoja kikaanza kutafuta herufi. Alichukua muda mrefu. Alipomaliza alikuwa ametoka jasho, na alichokiandika hakijui mtu mwingine hadi leo.

Ndoa ilifungwa baada ya mavuno. Mzee Magesa naye sasa anakwenda kwa Mwalimu Agatha, maana hakupenda ile ya maandishi madogo imbakie. Alhamisi wanapakizana yeye na mkewe kwenye pikipiki moja ya Nibebe, wanashukia Pumzika Kwanza Gesti, wanaingia uchochoroni na madaftari chini ya khanga. Kijiwe cha Marwa kiliwaona mapema sana. Sokoni wanasema wale wazee wawili wanapanda pikipiki kwenda gesti mchana kweupe, watu wenye nyumba yao na kitanda chao, na sasa wamebaki wenyewe baada ya binti kuolewa!

Siku moja Marwa hakuweza kujizuia. Alisimama kwenye meza ya dagaa, akainama.

"Mayu, mama yangu, hiyo gesti ina nini ambacho nyumbani hakuna?"

Martina akapima dagaa, akamwongezea kidogo, akafunga.

"Huyo Baba Juliana mwulize yeye," akasema. "Mimi ni wa kubebwa tu."

Akamwacha aende akayasambaze. Kwenye jumuiya, siku hizi Martina anasoma taratibu, kidole kwenye mstari, anasimama kwenye maneno marefu na kuvuta pumzi. Wenzake wanatazamana kwa huruma. Wanasema macho yameanza kumwisha, alikuwa msomaji mzuri sana yule mama.